Natuma riali mia zilezile, mbona mdogo wangu anapokea pungufu?

Shikamoo Shangazi.

Kwetu ni Pangani, mkoa wa Tanga, ila riziki yangu iko Muscat. Nafanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kiomani, na namshukuru Mungu si watu wabaya. Mshahara wangu ni riali 120, haujaongezeka hata baiza moja tangu nije. Kila mwezi najibakishia za vocha na vitu vyangu vidogovidogo, riali 100 namtumia mdogo wangu wa kiume anayenisimamia ujenzi, na riali 2 ni ada ya duka la kutuma fedha. Nyumba ilikuwa imefika lenta, tukawa tunajikusanya ili tupaue.

Ugomvi ulianza 2024. Mwezi wa kumi nilituma riali 100, akanirushia picha ya ujumbe wa simu: ameingiziwa shilingi 690,000. Mwezi wa kumi na mbili nikaenda duka lilelile la Ruwi, mtaa wa hapa Muscat, nikatuma riali 100 zilezile, akasema ameingiziwa 610,000. Shangazi, elfu themanini kwetu ni mifuko mitano ya saruji! Nilipombana akanijibu, "Dola imeshuka, dada." Sasa mimi nilituma dola? Si nilituma riali? Tena mama wa nyumba ninayofanya kazi, ambaye mumewe yuko benki, ameniambia kwa kinywa chake kwamba riali ya Oman haipandi wala haishuki, iko palepale tangu yeye yuko shule.

Nikaingia Google. Google ikaniambia riali 100 ni kama 624,000. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya Google kuna 14,000 hazionekani. Halafu mkononi alitoa 600,000 tu, zilizobaki akasema ni makato ya wakala. Damu ikanichemka. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba mdogo wangu ni mwizi, anakula jasho langu. Baba mdogo alinijibu maneno mazito, mama akalia. Mpaka leo mdogo wangu nikimwandikia anajibu "sawa" basi.

Kinachonichanganya zaidi, Mei 2025 hela zikapanda tena zenyewe, akaingiziwa 684,000, na kabla mwaka haujaisha zikashuka tena. Na kuna rafiki yangu wa Mombasa, nyumba ya jirani, riali 100 zake kwao zinakuwa 33,000 na kitu. Ananicheka kwamba shilingi yetu ni makaratasi.

Nina mengine mawili. Kuna kaka mmoja wa kwetu hapa Ruwi anasema nimpe riali mkononi, mwenzake atamrushia mdogo wangu shilingi kwa simu, bila ada, na bei yake inazidi ya duka, inazidi hata ya Google. Na fundi wa madirisha ya aluminiamu ametupa bei ya dola 900, hataki shilingi. Nimtumie mdogo wangu dola?

Halafu, nisikufiche, mdogo wangu aliwahi kuniomba hela ya fremu za milango mara mbili. Naye nimfikirieje?

Dada Mtu, Muscat

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Nianze na huyo mama wa nyumba, maana amekwambia kweli, na kweli yake ndiyo iliyokupoteza njia. Serikali ya Oman imeifunga riali kwenye dola ya Marekani, na bei haijabadilika tangu 1986: riali moja ni dola 2.60, leo, kesho, na siku uliyotua Muscat. Kwa hiyo ukiipima kwa dola haitikisiki. Ila wewe hununui dola, unanunua shilingi ya Tanzania, na hiyo haijafungwa popote. Inapanda na kushuka kila siku. Riali imefungwa kwa dola, basi dola ikipoteza thamani mbele ya shilingi, riali inapoteza pamoja nayo hata kama mwenye riali hajagusa chochote. Mdogo wako aliposema dola imeshuka alikuwa anakupa jibu sahihi kabisa. Lilikuwa fupi mno tu kwa mtu aliyekasirika.

Chukua kalamu. Ukitaka kujua riali moja ni shilingi ngapi, tafuta bei ya dola kwa shilingi siku hiyo, uizidishe kwa 2.6. Basi. Oktoba 2024 dola ilikuwa imevuka 2,700. Tuseme 2,720, mara 2.6 unapata kama 7,070. Kufikia mwisho wa Desemba dola ilikuwa karibu 2,400, mara 2.6 ni 6,240. Riali yako moja ilikuwa imepungukiwa shilingi zaidi ya 800 ndani ya miezi miwili na ushei, na wewe ulituma riali mia. Elfu themanini zako ziko hapo, mwanangu. Hazikuingia mfukoni mwa mtu wa Pangani.

Kwa nini ilianguka kwa kasi ile? Dola nayo ina msimu, kama kitu kingine chochote kinachouzwa. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, watalii wanakuwa wameshaacha fedha zao Zanzibar na mbugani, dhahabu inauzwa nje, na zote hizo zinaingia nchini kwa dola. Dola zikiwa nyingi mezani, bei yake inalegea na shilingi inapata nguvu. Miezi ya mwanzo wa mwaka mpaka katikati huwa kinyume: waagizaji wa mafuta na bidhaa wanazitafuta, wanaoziingiza ni wachache. Ndiyo maana Mei 2025, dola ilipokaribia tena 2,700, hela za mdogo wako zilirudi juu, na kabla ya mwaka kwisha dola ikarudi chini ya 2,500. Miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025, ilicheza hivyo. Usiape kwamba kila mwaka utafuata, lakini kama una akiba ya pembeni isiyo na haraka, Aprili mpaka Juni si miezi mibaya ya kuituma. Hela ya chakula cha mama usiichezee mchezo huo.

Huyo rafiki yako wa Mombasa mwulize alikuwa wapi Januari 2024. Wakati ule dola ilikuwa imefika shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo riali 100 zilimpa zaidi ya 41,000. Februari Kenya ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu ya deni la bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, hofu ya watu ikatulia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Zile 41,000 zikawa 33,000 na ushei. Na yeye kama ana kaka anayemjengea, bila shaka kuna mtu aliitwa mwizi Kisauni pia.

Na kukucheka kwamba shilingi yetu ni makaratasi, hiyo ni hesabu ya mtu asiyejua historia. Mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoachana na fedha yao ya pamoja, kila nchi ilianza na shilingi yake na zote tatu zilikuwa sawa, ishirini kwa pauni moja ya Uingereza. Tofauti unazoziona leo ni za miaka iliyofuata. Uganda iliona sifuri zimezidi, 1987 ikabadilisha noti, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na hakuna aliyeamka tajiri. Wingi wa tarakimu haukwambii kitu. Uliza zimesogea kiasi gani tangu mwaka jana, na uliza zinanunua nini sokoni.

Hapo kwenye sokoni ndipo penye maumivu yako hasa, na sitaki kukudanganya. Shilingi ilipopata nguvu, mwenye duka la vifaa hapo Pangani hakushusha saruji hata shilingi mia. Saruji inachomwa hapahapa nchini, na wafanyakazi wake wanalipwa shilingi. Bati na vioo vinavyotoka nje vingeweza kushuka kidogo, ila mfanyabiashara atakwambia mzigo huu aliuagiza dola ikiwa juu. Kwa hiyo ile mifuko mitano kweli uliipoteza, kwa riali zilezile na jasho lilelile. Ndiyo maana nakushauri, bajeti ya nyumba ipangeni kwa shilingi, na uihesabie riali yako kwa bei ya chini, siyo ile nzuri ya mwezi wa kumi. Ikija zaidi, inakaa kwa ajili ya kupaua.

Sasa zile 14,000 za Google. Bei uliyoiona pale ni bei ya katikati, inayosimama kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza katika soko la mabenki makubwa. Hakuna duka Ruwi wala Dar es Salaam litakalokuuzia kwa bei hiyo. Angalia kibao cha duka lolote la fedha: kila fedha ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na katikati ya hizo mbili ndipo mwenye duka anapolipia pango na kula. Yako ilikuwa 6,240 katikati, duka likakupa 6,100. Hizo 140 kwa kila riali ndizo 14,000 zako, na zilibaki Ruwi, kwenye duka uliloingia mwenyewe. Uitumie Google kupimia duka limekukata kiasi gani, lakini usiipeleke kwa mdogo wako kama ushahidi.

Na ukiwa dukani soma kibao vizuri. Maduka mengine hukiandika kinyume, yaani shilingi elfu moja ni riali ngapi. Hapo namba ikikua, wewe ndiye unayepata kidogo. Nimewaona watu wazima wakifurahia kibao cha namna hiyo.

Swali la maana la kumuuliza karani ni moja: "Nikikupa riali 102 hizi zote, nyumbani zinafika shilingi ngapi?" Usiulize ada peke yake, wala bei peke yake. Mwezi ule ulitoa riali 102, zikafika 610,000; gawanya, utaona kila riali iliyotoka mkononi mwako ilizaa shilingi 5,980. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli. Tuseme duka la pili limeandika BILA ADA kwa herufi kubwa, lakini linakupa 5,950. Kwa riali 102 zingefika 606,900, pungufu ya duka la ada. Lakini ukiwa na riali 32 tu, mambo yanageuka: duka la ada likishakata 2 linafikisha 183,000, lile la bila ada linafikisha 190,400. Kwa bei hizo mpaka uko kama kwenye riali 81. Chini ya hapo ada ya riali mbili inakuumiza, juu yake inayokuumiza ni bei mbovu. Kwa hiyo ukiwa na kijisalio cha kumtumia mama, usikipitishe palepale kwa mazoea. Uliza kila mara. Dakika mbili za kuuliza maduka mawili zinalipa.

Kuhusu zile elfu kumi za mwisho, kutoa taslimu kwa wakala kuna makato kweli, na jedwali lake limebandikwa ukutani kwa wakala au limo kwenye simu. Mwambie mdogo wako akupigie picha jedwali la mtandao anaotumia, ulinganishe na 600,000 alizotoa. Ila la kujiuliza ni kwa nini anatoa noti. Duka la vifaa lina Lipa Namba, amlipe mwenye duka mojakwamoja kwa simu, ujumbe wa malipo aukusogezee wewe. Aangalie tu makato yake kabla ya kubonyeza. Noti atoe za fundi na kibarua. Utaokoa makato, na utakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna wa kuibishia.

Hapo naingia kwa mdogo wako. Kwenye kupungua kwa zile hela hana hatia, na ulimwita mwizi mbele ya ukoo mzima. Kumpigia pembeni hakutoshi. Rudi kwenye kundi lilelile, baba mdogo akiwemo na mama akiwemo, andika: "Nilikosea. Hela zilipungua kwa sababu shilingi ilipanda, na makato mengine yalikuwa ya duka huku. Mdogo wangu hakuchukua." Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini", ni bora usiandike.

Fremu za milango ni jambo jingine kabisa, na bei ya dola haimsafishi mtu kwenye fremu. Fremu hulipwa mara moja. Ila usilichanganye na radhi, wala usiliulizie kundini. Acha wiki kadhaa zipite, kisha mwombe kwa heshima orodha ya manunuzi na risiti tangu mwanzo wa ujenzi, useme unataka kujua mmebakiza nini mpaka kupaua. Huenda za kwanza fundi alizila, huenda mbao zilipanda, huenda kweli mdogo wako alikwama akaona haya kusema. Orodha itaonyesha. Ukimuuliza kabla ya kumwomba radhi, atakuona unatafuta kosa jipya baada ya lile la kwanza kukushinda.

Huyo kaka wa Ruwi mwache. Kutumia watu fedha bila leseni ni kosa huko Oman na huku pia, na wewe uko nchi ya watu kwa kibali cha kazi. Jiulize hesabu tu: kama bei ya katikati ni 6,400 na yeye anakupa 6,600, anapata wapi hasara hiyo, kila siku, kwa kila mtu? Wa leseni anakata faida yake, huyu eti anakuongezea. Ama ana fedha anazotaka kuzisafisha, na zitapita kwenye namba ya simu yenye jina la mdogo wako, ama atakulipa vizuri mara tatu, na ya nne utakapompa riali mia tatu hapatikani. Risiti huna, pa kushtaki huna. Kuwa wa kwetu si dhamana.

Kwa fundi wa aluminiamu, dola usitume. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kutangaziwa bei na kulipwa kwa fedha za kigeni, na madirisha ya Pangani ni bidhaa ya ndani ya Tanzania. Hata bila kanuni ungeumia: riali zako zinageuzwa shilingi na duka linakata, kisha mdogo wako anachukua shilingi hizo kununua dola kwa bei ya kuuza, anakatwa mara ya pili. Na ukimkubalia fundi kwamba bei ni dola lakini mtalipa shilingi, atachagua mwenyewe dola ni ngapi siku ya kulipa. Dola 900 kwa 2,500 ni 2,250,000. Kwa 2,700, anayoikumbuka kwa sababu inampendeza, ni 2,430,000. Mdogo wako ampe kalamu, aandike bei kwa shilingi, madirisha mangapi, vipimo gani, kioo cha unene gani, malipo ya kwanza kiasi gani, na asaini. Akikataa, Tanga mjini mafundi wa aluminiamu ni wengi.

Shangazi